Mwaka mzima njiani na mume wangu: tupunguze nchi au twende tulivyopanga?

NyarKondele

Hamjambo wadau. Naandika kutoka Kondele, Kisumu. Mume wangu ni fundi wa injini za mashua pale Dunga, mimi nafundisha shule ya msingi ya kibinafsi na mkataba wangu unaisha Desemba. Tumeoana miaka sita. Tangu mwaka wa kwanza tumekuwa tukiweka pesa kando kwa jambo moja tu: kufunga nyumba na kuzunguka dunia mwaka mzima, sisi wawili. Akiba imefika shilingi za Kenya 820,000 na Mungu akipenda tutaondoka Januari.

Ukutani jikoni tumebandika karatasi yenye nchi 19. Inaanza na Uganda, Rwanda, Tanzania, Zambia, Afrika Kusini na Ethiopia, halafu Malaysia na Ufilipino, na mwishoni kabisa Italia na Ufaransa. Kila jioni tunafuta moja na kuongeza mbili.

Yanayonikosesha usingizi ni haya. Hatujawahi kukaa pamoja mchana kutwa hata wiki mbili. Yeye hutoka alfajiri kwenda ziwani, mimi hurudi saa kumi na moja jioni na madaftari ya kusahihisha. Tunapendana, lakini naogopa pengine tunapendana kwa sababu kila mtu ana mchana wake. Tena sitaki safari ya picha. Nimewaona wageni wanaokuja Dunga: wanashuka kwa basi, wanapiga picha akina mama wakianika omena, dagaa wa ziwa letu, wanapanda basi. Sijamsikia hata mmoja akiuliza omena inakauka kwa muda gani. Sitaki kuwa mgeni wa namna hiyo kwa watu wengine.

Halafu kuna mama mkwe. Hajakataa. Alisema neno moja tu, "Nyumba ikifungwa mwaka, moto atauwasha nani?" na tangu siku hiyo hajaligusia tena. Bado hatujajaliwa mtoto, kwa hivyo neno hilo limenikaa moyoni.

Kuna mtu hapa aliyewahi kusafiri hivi na mwenzake, Mkenya kama sisi? Kwa watu mlikaaje? Na ninyi wenyewe mlikaaje?

MshonajiSection58

NyarKondele dada yangu, salamu kutoka Nakuru. Swali lako limenifanya niweke kazi chini. Mimi ni fundi cherehani, mume wangu ni fundi wa pikipiki. Tulitoka hapa Januari 2023 tukarudi Novemba, na tulikaa katika nchi tano. Kwenye mpango zilikuwa 14. Acha nikueleze zilivyopungua, kwa sababu jibu la maswali yako mawili ya kwanza liko humo humo.

Miezi miwili ya mwanzo tulikwenda kama watu wanaofukuzwa. Kampala siku nne, Fort Portal siku tatu, Kigali siku tano, kila mara begi mgongoni kabla hatujamjua hata muuza chai wa karibu. Tulikuwa pamoja kila dakika, tukila meza moja, tukiongea Kikikuyu chetu. Kosa lilikuwa hapo na hatukuliona. Watu wawili waliokaa pamoja wakiongea lugha yao huonekana wametosheka. Mwenyeji mwenye adabu hawaingilii. Mtu aliye peke yake ndiye huulizwa ametoka wapi, amekula nini, mbona anaketi juani. Sisi tuliachwa kwa heshima, tukadhani watu wa huko ni wakimya.

Kigali tukagombana. Mimi nilitaka tungoje umuganda, ile Jumamosi ya mwisho wa mwezi ambapo watu wa mtaa hutoka wote kufyeka, kuzibua mitaro na kutengeneza barabara. Yeye alisema tumeona vya kutosha. Tukanuniana siku mbili katika chumba ambacho ukinyoosha mkono unagusa ukuta wa pili. Tuliondoka Alhamisi, na umuganda ulikuwa Jumamosi hiyo hiyo. Mpaka leo naudai.

Basi tukafika Dar es Salaam tukiwa tumechokana. Mpango ulikuwa kupanda treni ya TAZARA hadi Kapiri Mposhi, Zambia. Ni kilomita 1,860, reli iliyojengwa na Wachina pamoja na Watanzania na Wazambia miaka ya 1970 hadi 1975. Dirishani tukaambiwa mabehewa ya kulala hayachanganyi wanaume na wanawake, hata mkiwa mume na mke, isipokuwa mnunue chumba kizima. Daraja la kwanza chumba kina vitanda vinne, la pili sita. Pesa ya kulipia vitanda vitupu hatukuwa nayo. Nikapelekwa kwa akina mama, yeye kwa wanaume. Nakwambia ukweli wangu wote: nilipofunga ule mlango nilihisi nimepumua.

Chumbani tulikuwa sita. Kulikuwa na mama mfanyabiashara wa vitenge anayerudi Nakonde, binti wa chuo anayeshuka Mbeya, akina dada wawili waliokwenda kumuuguza ndugu yao, na bibi mmoja wa Makambako mwenye begi lililochanika zipu. Mhudumu alipopita nikamwambia, "Nipe chai." Wote wakanyamaza. Bibi akanigusa goti, akasema polepole, "Mwanangu, sema naomba chai." Mimi nimekizungumza Kiswahili tangu utotoni, na sikuwahi kujua kwamba masikioni mwa Mtanzania naamrisha. Tangu hapo nikawa naomba kila kitu, na kila mkubwa nikamwamkia shikamoo kabla ya neno lolote. Ukitaka kukaa vizuri Tanzania, anza na hilo hata kabla ya kutafuta chumba.

Mimi hutembea na sindano, uzi na mkasi mdogo. Nikaomba lile begi la bibi. Zipu yake haikuwa imekufa, kichwa ndicho kilikuwa kimelegea, nikakibana kwa meno ya mkasi na kushona upande uliofumuka, treni ikiyumba, binti wa chuo akinimulikia kwa simu. Ilichukua kama dakika arobaini. Nilipomaliza nilikuwa na jina, Fundi, na kila mmoja alikuwa na kitu cha kushonwa na habari ya kunipa wakati nashona. Mama wa vitenge alinifundisha kupima uzito wa kitambaa kwa kukivuta karibu na sikio. Akina dada walinieleza jinsi wanavyopanda mpunga bonde la Kilombero, maana tulipofika Mlimba wachuuzi walijaa dirishani na sahani za wali na ndizi. Bibi alifungua begi akatoa kanga, akaikunjua tuione yote: pindo, mji wa katikati, na jina lake chini, USISAFIRIE NYOTA YA MWENZIO. Akasema aliinunua zamani kwa sababu ya rangi, jina akalielewa baadaye. Kisha akaikunja akaendelea kula ndizi yake.

Saa mbili usiku nikaenda behewa la chakula kumtafuta mume wangu. Nilimkuta amekaa na dereva wa lori wa Tunduma na kijana anayesoma ufundi, mezani wamechora gia ya pikipiki kwa majivu ya sigara. Aliponiona alisimama. Dada, alisimama kama siku alipokuja kwetu mara ya kwanza. Tukaongea mpaka wakazima taa. Nilikuwa na ya kumwambia na yeye alikuwa na ya kuniambia. Kwa majuma mengi hatukuwa na cha kuambiana kwa sababu yote tuliyoyaona tuliyaona wote wawili, kwa wakati mmoja, upande mmoja.

Kuanzia Kapiri Mposhi tukabadilisha safari. Mji mmoja, si chini ya mwezi. Chumba katika boma la mtu, si hoteli. Asubuhi kila mmoja anashika njia yake kwa kazi ya mikono yake: mimi nawatafuta washonaji, yeye gereji. Mchana unakula utakapokuta. Jioni tunakutana. Livingstone nilikaa wiki sita nikishona chitenge upande wa soko la Maramba, bila mshahara, nikilipwa chakula cha mchana na maneno. Huko nilijifunza kusonga nshima, ugali wao, na kupika ifisashi, mboga za majani kwa karanga. Tena utakapofika waulize akina mama habari za kapenta. Ni dagaa kama omena yenu, wanaianika hivyo hivyo, na wewe ndiye utakayejua swali la kuuliza.

Kuhusu pesa: tulitoka na 650,000, na duka langu nilimpangisha mwenzangu. Miezi miwili ya mbio ilikula 210,000. Miezi minane iliyobaki, pamoja na ndege ya kwenda na kurudi Addis Ababa, ilikula kama 430,000. Kinachomaliza pesa ni nauli na vyumba vya usiku mmoja mmoja. Ukikaa, unalipa kwa mwezi na unapika.

Nchi 19 kwa mwaka ni siku 19 kila nchi, ukiondoa njia. Zipunguze, dada.

KijanaLanet

Naongeza la makaratasi tu, kwa sababu hiyo Italia ya mwishoni itawakwama. Mimi na mke wangu tulikwama hapo hapo.

Visa ya Schengen, ile moja ya kuingia Italia, Ufaransa na nchi nyingi za Ulaya, unaiombea nchi unayoishi kihalali, yaani Kenya, na ombi halipokelewi zaidi ya miezi sita kabla ya safari. Mkiondoka Januari na mnataka kuingia Italia Novemba, visa hamtaweza kuipata kabla ya kutoka nyumbani, na mkiwa Malaysia kama wageni wa siku 30 ubalozi wa huko utawaambia mrudi kwenu. Sisi tulirudi Nairobi kutoka Kuala Lumpur, nauli iliyoniuma mpaka leo. Kwa hivyo ama Ulaya iwe mwanzo wa safari, ama mrudi nyumbani katikati. Ada ni euro 90 kwa mtu mzima tangu Juni 2024, bima ya afya isipungue euro 30,000, na mkishapewa ni siku 90 ndani ya kila siku 180 kwa nchi zote za Schengen pamoja.

Malaysia na Ufilipino Mkenya anaingia siku 30 bila visa, ila Ufilipino wanataka kuona tiketi ya kutoka. Afrika Kusini tangu Januari 2023 ni siku 90 kwa mwaka bila visa. Uganda na Rwanda hata kitambulisho kinatosha. Pasipoti iwe na zaidi ya miezi sita mbele.

Na je, mna cheti cha ndoa? Kama mlioana kwa mila tu, Sheria ya Ndoa ya 2014 inazitambua ndoa za kimila na inataka zisajiliwe. Sajilini mapema. Ubalozi ukiwauliza ninyi ni nani kwa mwenzake, cheti ndicho jibu. Zanzibar mwenye nyumba ya wageni alituuliza vivyo hivyo, kwa upole, na tulipomwonyesha alitupa chumba cha upande wa familia yake.

MuuguziLurambi

Nitasema machache. Chanjo ya homa ya manjano mchome angalau siku kumi kabla ya safari, na kadi msiipoteze. Tangu Julai 2016 kadi hiyo ni ya maisha, hata kama ya zamani imeandikwa miaka kumi, asiwatishe mtu mpakani.

La pili ni malaria, na hili watu wa kanda ya ziwa hulipuuza. Mtu mzima aliyekulia Kisumu ana kinga fulani kwa sababu ameumwa na mbu maisha yake yote. Kinga hiyo hupungua ukikaa mbali na malaria kwa muda mrefu. Mkikaa miezi mingi Addis, ambako mji uko juu ya mita 2,300, mkirudi Kondele mlale ndani ya neti kama wageni, na homa ikija mpimwe siku hiyo hiyo. Nimewapokea wodini vijana wa hapa hapa waliorudi kutoka mbali wakidhani malaria ni mafua, na walikuwa mahututi.

Na dada, kwa sababu umelitaja mwenyewe: kama mnatafuta mtoto, muone daktari wote wawili kabla ya kuondoka, si wewe peke yako. Mkiamua kungoja, chagueni njia msiyohitaji kuitafutia kliniki kila baada ya miezi mitatu katika nchi ngeni.

NyarKondele

Asanteni sana, sana. Lile la Schengen hatukulijua kabisa. Nilipomsomea mume wangu alinyanyuka akaenda kufuta Italia na Ufaransa mwenyewe, kisha akakaa chini akasema, "Zilikuwa zako hizo." Zilikuwa zangu kweli. Niliziweka kwa sababu ya picha za ukutani darasani kwetu nikiwa msichana.

MshonajiSection58, habari ya treni nimemsomea pia na amenyamaza muda mrefu. Naomba kuuliza. Mkiachana asubuhi mji usioujua, hukuogopa? Na je, hakukuwa na siku uliyotamani awe hapo hapo, aone unachokiona? Mimi nikiona kitu kizuri mkono wangu humtafuta.

MshonajiSection58

Niliogopa, ndiyo. Tuliwekeana masharti. Wiki ya kwanza katika kila mji tunatembea pamoja mpaka tuijue njia ya nyumbani kwa miguu. Mwenye nyumba anajua kila mmoja yuko wapi. Saa kumi na mbili jioni kila mtu yuko ndani, hata kama kuna ngoma. Pesa tuligawana nusu kwa nusu, kwa sababu moja niliyoipata kwa uchungu: mpakani Nakonde kijana wa kubadilisha pesa alinihesabia noti mbele ya macho yangu, nikaondoka, kumbe zile za katikati alizikunja akazihesabu mara mbili. Kama zote zingekuwa mkononi mwangu tungelala njaa. Badilisha dukani au benki, hesabu mwenyewe noti moja moja kabla hujatoa zako, na kama mtu anakuharakisha, ondoka.

Na kuhusu kutamani awe hapo. Ilitokea Addis Ababa, Septemba. Tulifika kabla ya mwaka wao mpya, ambao mwaka ule uliangukia tarehe 12, wakaingia 2016 wakati sisi tuko 2023. Jambo la kwanza lililonifurahisha ni saa. Saa yao ni yetu! Jua likichomoza ni saa kumi na mbili, kama Kiswahili. Mwenyeji akiniambia tukutane saa tatu sikuhitaji kuhesabu chochote.

Nilikwenda Shiro Meda, sehemu wanakouza nguo nyeupe za kienyeji zenye tibeb, ile nakshi ya rangi inayofumwa kwenye pindo. Wafumaji ni wanaume, wengi Wadorze kutoka kusini, wanaketi na miguu ndani ya shimo chini ya mtambo. Wanawake ndio husokota pamba. Nilikaa kwa mfumaji mmoja na mkewe siku nyingi, nikiangalia tu, halafu nikawa namsaidia mke kushonea mapindo. Siku moja akaniambia leo tunakunywa kahawa. Alitandaza majani mabichi sakafuni, akakaanga buni juu ya makaa, akaizungusha karai karibu na uso wa kila mmoja wetu ili tuvute moshi wake. Akatwanga. Akachemsha kwenye jebena, birika la udongo lenye shingo ndefu. Kahawa hiyo hunywewa mara tatu kwa unga ule ule: ya kwanza wanaiita abol, ya pili tona, ya tatu baraka. Kuondoka kabla ya baraka hakupendezi.

Ya kwanza nikainywa. Na hapo ndipo mkono wangu ulimtafuta, kama unavyosema. Nikamwambia mwenyeji, mume wangu yuko gereji, si mbali. Akanijibu kwa mkalimani wake, mwanawe wa miaka kumi, "Kwa nini unadhani kuna vikombe vitano?" Tulikuwa wanne. Alikwisha kumtuma mtu.

Mume wangu alifika kwenye tona, mikono bado ina oili. Wakamnawisha. Injera, mkate wao laini, ikaletwa, sinia moja kwa sote. Yule mama akakata kipande, akakivingirisha na shiro, mchuzi wao, akakitia kinywani mwangu kwa mkono wake. Wanaita gursha, na ni heshima kubwa. Kisha akanielekeza kwa macho nimlishe mume wangu. Wakikuyu hatulishani mbele za watu, dada. Nilimlisha. Alitazama chini, akatafuna, na mfumaji akapiga makofi mara moja.

Ile siku isingekuwepo kama tungefika wote wawili pamoja tangu siku ya kwanza tukiwa wageni wawili wa kupita. Mlango ule niliufungua peke yangu kwa sindano, halafu yeye akakaribishwa kwa sababu yangu. Kule Makunduchi, Zanzibar, ilikuwa kinyume. Yeye aliwazoea wavuvi, na mwezi wa Julai kwenye Mwaka Kogwa, wanaume wanapopigana kwa migomba, mimi niliketi na wake zao kwa sababu yake.

MzeeWaMbale

Binti yangu wa Kondele, mimi sijasafiri. Nimefika Kampala mara mbili na Mombasa mara moja. Nimepokea wageni, na nadhani wewe unahitaji kusikia upande huo pia.

Mwaka 2018 mke na mume kutoka Uholanzi walikaa kwangu hapa Vihiga wiki tatu. Siku mbili za kwanza tuliwachinjia kuku, wakala peke yao sebuleni, tukawasikia wakiongea lugha yao usiku. Wazee walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Siku ya tatu sikumpa mtu jembe, nilikuwa naona haya. Yule mama alilifuata mwenyewe. Alimkuta mke wangu shambani anapalilia, akachukua lililokuwa limeegemea ukuta. Alipalilia vibaya, akakata mahindi mawili, mke wangu akamwonyesha namna ya kushika mpini. Mwanamume alikaa na mimi kwenye zizi, tukanyamaza pamoja, na siku ya pili tukanyamaza kidogo kuliko ya kwanza.

Wiki ya pili jirani alifiwa. Walituuliza kama wanaruhusiwa kuja. Walikuja na sukari kilo mbili na majani ya chai, wakakaa na watu usiku ule hadi saa saba, hawakutoa simu mfukoni. Watu wa hapa bado wananiuliza habari zao.

Kuna walipokosea. Waligawa kalamu kwa watoto langoni. Kesho yake walikuja watoto wasiohesabika, na mmoja alisukumwa akaumia. Zawadi yoyote mpe mwenye boma, yeye anajua pa kuipeleka.

Nilijua wamekuwa watu wa nyumbani asubuhi moja yule mama alipoingia jikoni kwa mke wangu bila kubisha hodi, akachukua kikombe, akajimiminia chai. Mke wangu hakugeuka hata kumtazama.

Kuhusu mama yako mkwe, mimi ni Mmaragoli, desturi za Wajaluo kuhusu nyumba iliyofungwa anazijua yeye kuliko mimi. Lakini mama aliyesema "nani atawasha moto" amekuuliza swali. Hajakufukuza wala hajakuzuia. Nendeni mkamjibu mkiwa wawili, msitume ujumbe wa simu.

NyarKondele

Mzee, shikamoo. Tulikwenda jana, Jumapili, baada ya kanisa. Tulibeba unga, sukari na samaki wawili, ngege, kutoka Dunga. Mume wangu ndiye aliyeanza kusema, na alisema vizuri kuliko nilivyotegemea. Tulimpa ufunguo wa nyumba. Nikamwambia mtoto wa shemeji atalala pale, ni karibu na chuo chake, na jiko litakuwa la kwake.

Aliushika ule ufunguo muda mrefu. Halafu akauliza tunaanzia wapi. Mume wangu akasema pengine Kampala. Mama akatikisa kichwa. Akasema nendeni Gulu kwanza, kwa Waacholi. Baba mkwe wake alikuwa akimwambia kwamba sisi tulitoka upande huo, tukashuka na mto, na kwamba ukiwasikia Waacholi utaelewa nusu. Alitaka tumsikilizie kama ni kweli. Akaanza kutaja maneno ya kuwauliza: maji, ng'ombe, chakula, nyuki, mama mkwe. Nikatoa daftari la kusahihishia nikawa naandika, yeye akinikosoa tahajia ya Dholuo kwa kidole.

Karatasi ya jikoni sasa ina nchi sita. Tutapitia Busia, Tororo, Mbale ya Uganda, Soroti na Lira mpaka Gulu, na tutatafuta chumba cha mwezi mmoja. Yeye ataulizia mafundi wa injini, mimi nitaulizia shule inayoweza kunipokea asubuhi. Chanjo tumepanga Jumatano. MshonajiSection58, nimenunua sindano tatu na uzi mweusi na mweupe pale Kibuye, na mama mkwe ameahidi kunifundisha kubana zipu.

Neno la kwanza aliloniandikisha kwenye daftari, kabla ya maji na ng'ombe, lilikuwa *mach*. Moto.